Barua ya wazi: Mjomba aliponea damu, akaondoka na uji

Kwa wakuu wa huduma za afya, kuanzia wizarani mpaka mkoani kwetu Tanga. Kwa waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi wa kila hospitali inayolaza mgonjwa wa kiharusi.

Shikamooni wakubwa zangu. Walio rika langu, poleni na kazi.

Mimi ni muuguzi. Sare hii nimeivaa miaka 17, mingi yake wodi ya wanaume, na sehemu kubwa usiku. Nawaandikia kuhusu karatasi moja iliyomo ndani ya kila faili la mgonjwa aliyelazwa, ile yenye safu za tathmini, tatizo, lengo, hatua na matokeo. Mpango wa uuguzi. Nyote mnaujua, na baadhi yenu mmeufundisha vyuoni. Nataka niwaeleze unavyojazwa wodini, na unamgharimu nini mgonjwa aliyevuja damu kwenye ubongo ukijazwa hivyo.

Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli Ngamiani. Asiyeijua Tanga ajue kwamba fundi baiskeli kwetu ni mtu anayesalimiwa na mji mzima. Alikuwa na presha. Vidonge alivimeza kama wengi wanavyomeza: kichwa kikiwa kizito anavitafuta, akijiona mzima vinarudi kabatini. Alfajiri moja, akitia udhu, alishika kichwa akasema kinapasuka. Akatapika, akaanguka, birika likabingirika mpaka mlangoni. Mkono na mguu wa kulia vikawa vimelegea, na maneno yakawa hayashikiki.

Majirani wakajaa. Mmoja akasema ni upepo mbaya. Mwingine akatumwa aspirini, maana alisikia mahali kuwa inasaidia kiharusi. Alhamdulillahi duka lilikuwa halijafunguliwa. Kiharusi kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka. Kwa macho hata daktari bingwa hawezi kukuapia ni kipi, mpaka picha ya siti skani ipigwe. Aspirini inayomfaa wa kwanza yaweza kummaliza wa pili.

Picha ikapigwa. Damu ilikuwa upande wa kushoto, ndani kabisa, pale ambapo presha ya miaka mingi huchakaza vijishipa vyembamba hadi kimoja kinaachia. Bingwa wa upasuaji wa ubongo aliulizwa kwa simu Dar es Salaam, akajibu kuwa donge lile si la kupasuliwa. Apewe dawa na awekwe chini ya uangalizi wa karibu.

Neno hilo, uangalizi wa karibu, ndilo lililonikalisha kuandika. Kwa damu kama ile uangalizi ndio tiba yenyewe, na mwangalizi ni muuguzi. Daktari anapita asubuhi. Mgonjwa anabaki na sisi saa zilizosalia zote.

Nilifika kumwona siku ya pili, jioni. Hospitali siitaji, na wenzangu wa wodi ile sina kinyongo nao. Sista wa zamu alipojua kuwa mimi ni mwenzake, alinionyesha faili kwa heshima ya kazi. Mpango wa uuguzi ulikuwa umejazwa wote, tena kwa mwandiko mzuri. Tatizo: mgonjwa ana maumivu na wasiwasi. Lengo: apate nafuu ndani ya saa 72. Hatua: apewe dawa kama alivyoandika daktari, apewe lishe ya kutosha, ndugu wapewe faraja. Kitanda cha pili yake alilala kijana aliyevunjika paja kwa bodaboda. Nilichungulia na lake, naungama, si adabu. Maneno yaleyale. Hata "faraja" ilikosewa herufi ileile.

Lishe ya kutosha. Pembeni ya kitanda mkazamjomba alikuwa ameketi na chupa ya uji. Hakuna aliyemkataza, kwa hakika kuna aliyepita akamwambia, "Mpe uji, mama, apate nguvu." Akamnyanyua mjomba kichwa kwa kiganja, akatia kijiko. Nusu ya uji ikateremka pembe ya kulia ya mdomo, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akatia kingine. Mjomba akakohoa kikohozi kidogo, cha kuombea radhi. Alipojaribu kunisalimu, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye maji kooni. Nikamshika mkazamjomba mkono. Alikuwa ameshamlisha hivyo tangu jana yake.

Siku ya nne joto lilifika 39. Wakasema malaria, kipimo hakikuona malaria. Kifua kilikuwa kimejaa: koo la mwenye kiharusi halimezi sawasawa, na uji ulikuwa umepotea njia ukashukia mapafuni. Picha ya pili ya kichwa ilionyesha donge halikuongezeka hata kidogo. Siku ya kumi tukamzika. Aliponea damu, akaondoka na uji.

Mkazamjomba hajui mpaka leo. Ndiyo sababu jina langu silitii hapa. Yeye mitandaoni hasomi, na wenye mazoea ya kumsomea nawaomba hii wasimsomee.

Sasa, wakubwa zangu, msije mkamtafuta sista yule mkampa barua ya onyo. Mtafuteni kila mmoja wetu, mkianza na mimi. Nimeandika "apewe lishe ya kutosha" mara nisizoweza kuhesabu. Inakuwa saa kumi na moja alfajiri, tuko wawili kwa wagonjwa thelathini na nne, dripu mbili zimeisha, mmoja amejing'oa mpira wa mkojo, na makabidhiano ni saa mbili kamili. Muuguzi mfawidhi atafungua mafaili na kuhesabu yapi yana mpango na yapi hayana. Atahesabu, kwa kuwa naye atahesabiwa na wakaguzi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mpango wangu unasema nini. Wameuliza tu kama upo. Basi mtu anaandika maneno yasiyoweza kukosea kwa mgonjwa yeyote, na ambayo kwa sababu hiyohiyo hayamsaidii mgonjwa yeyote.

Mgonjwa huyu hafai kupewa maneno ya jumla. Fuvu la mtu mzima ni chungu cha mfupa, halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu iliyomo mishipani na maji ya ubongo, vimejaa pomoni. Likiingia donge, lazima kitu kisukumwe. Kwanza husukumwa maji, kisha damu ya mishipani, na vikiisha hivyo husukumwa ubongo wenyewe kwenda chini, kwenye shina linaloendesha pumzi. Na kwa wagonjwa wasio wachache donge huendelea kukua saa za mwanzo baada ya kufika hospitali. Hapo lengo la "nafuu ndani ya saa 72" linachekesha. Mgonjwa huyu anahesabiwa kwa saa moja moja.

Kuna kipimo cha ufahamu tunachokitumia sote, kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett kule Glasgow mwaka 1974. Macho alama 4, kuongea 5, kujongea 6. Jumla 15 kwa aliye macho kamili, 3 kwa asiyejibu chochote. Kinataka sauti yako na vidole vyako. Ukiongeza tochi ukamulika mboni, umemaliza. Lakini namba moja peke yake ni bubu. Inaanza kusema ikikaa kando ya namba ya saa iliyopita. Aliyekuwa 13 saa nne usiku akawa 11 saa tano, huyo anaondoka mbele ya macho yako, hata kama 11 haionekani kuwa mbaya ukiisoma yenyewe. Akifika 8 au chini, njia ya hewa haiko salama tena.

Nawapa kisa. Usiku mmoja, saa nane, binti aliyekuwa na miezi michache kazini alinijia anatabasamu. "Sista, yule mzee wa kitanda cha sita sasa ametulia. Mapigo yameshuka mpaka 50, na amelala fofofo, anakoroma." Nilikwenda mbio. Presha ilikuwa 220 kwa 110, pumzi inakuja na kukatika, mboni ya kushoto imekuwa pana kama kifungo na haijali tochi. Presha kupanda, mapigo kushuka, pumzi kuvurugika: Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani, aliyaeleza hayo mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa ni kilio cha ubongo uliobanwa. Binti yule aliyasikia kama usingizi mzuri.

Asubuhi nilifungua daftari la vipimo. Hakuwa amekosea kuandika hata mahali pamoja. Mapigo 84, 76, 66, 58, 50, yote yamo. Ila daftari letu linapangwa kwa mzunguko: ukurasa mmoja wagonjwa wote wa saa mbili, ukurasa mwingine wagonjwa wote wa saa nne. Ili uone mteremko wa mtu mmoja ufungue kurasa tano na kidole kishuke mpaka kitanda cha sita kila ukurasa. Nani atafanya hivyo saa nane za usiku? Ule mteremko ungekuwa kwenye karatasi moja mguuni mwa kitanda, hata mfagiaji angeuona.

Ombi langu la kwanza basi ni hilo, na ni la bei ya karatasi. Mgonjwa wa ubongo awe na chati yake mwenyewe, ya saa 24, inayoning'inia kitandani pake. Juu vipimo vya kila saa, vyenye nukta za kuunganishwa kwa mstari. Chini yake mpango wa uuguzi wa mgonjwa huyuhuyu, kwa Kiswahili kinachosomeka: kichwa cha kitanda kimeinuliwa digrii 30, shingo imenyooka na haikubanwa na mito, hajapimwa kumeza, kwa hiyo hakuna kitu mdomoni, amegeuzwa saa ngapi na kwa ubavu upi, choo amepata lini, maana kujikamua kunapandisha shinikizo kichwani, mpira wa mkojo umekaa siku ngapi na utatolewa lini. Ile "apewe lishe ya kutosha" ifutwe popote ilipochapwa.

La pili ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa madaraka. Mtupe ruhusa ya maandishi.

Sasa hivi nikimkuta mgonjwa ana joto 38.5 saa saba usiku, nasubiri dawa ya homa iandikwe. Daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji, na haki yake, anamtoa mtoto tumboni mwa mama. Sukari ikiwa juu nasubiri. Tena homa kwetu pwani ina jibu lililo tayari, malaria, kwa hiyo hata ikiandikwa dawa inaandikwa hiyo kwanza. Malaria ipimwe, sikatai. Lakini ubongo uliojeruhiwa hauna nafasi ya kusubiri majibu ya maabara ndipo upozwe.

Msije mkadhani haya ni mambo ya nchi za matajiri. Mwaka 2011 jarida la tiba la Lancet lilitoa utafiti wa vitengo 19 vya kiharusi huko New South Wales, Australia. Wauguzi walipewa mwongozo wa vitu vitatu tu: homa, sukari na kupima kumeza. Siku ya 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa wachache kuliko kwenye vitengo ambavyo havikupewa mwongozo huo. Mwaka 2023 jarida hilohilo likachapisha utafiti uitwao INTERACT3, safari hii kwa waliovuja damu tu: wagonjwa zaidi ya 7,000, nchi 10, tisa kati yake za kipato cha chini na cha kati, Nigeria ikiwamo. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine. Walikusanya mambo tunayoyajua wakayafanya kwa pamoja na kwa haraka: namba ya juu ya presha ishuke chini ya 140 ndani ya saa moja, joto lisizidi 37.5, sukari idhibitiwe, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda apewe ya kuigeuza. Waliotunzwa hivyo walitoka katika hali bora.

Presha nayo ina ufundi wake, na hapa nawasemea madaktari vijana bila kuwavunjia heshima. Isiporomoshwe kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Dawa ya mshipani, kidogo kidogo, mtu amesimama pale na mashine, na isipitilize chini ya 130. Ile desturi ya kutoboa kidonge na kumkamulia mgonjwa chini ya ulimi bado naiona, na imeshakataliwa zamani kwa kuwa haina breki.

Kwa hiyo andikeni, mkatie saini: joto likivuka 37.5 muuguzi anatoa parasetamoli na kumpoza mgonjwa, ndipo anaita. Muuguzi aliyefundishwa anapima kumeza kabla ya chochote kuingia mdomoni, hata kidonge: mgonjwa yuko macho, ameketi wima, kijiko cha chai cha maji, unasikiliza kikohozi, unasikiliza sauti. Akishindwa, unaombwa mpira wa kulishia wa puani siku hiyohiyo, hatumwachi na njaa wiki nzima. Kipimo cha ufahamu kikishuka alama mbili, daktari anaitwa na daktari anakuja. Hilo la mwisho nalo liandikwe, maana kuitwa na kuja ni vitu viwili.

Vifaa nitavitaja harakaharaka, orodha za maombi mnazo nyingi. Kipimajoto kisichokopeshwa wodi ya watoto. Mkanda wa presha unaozunguka mkono mnene bila kufyatuka. Vijiti vya sukari visivyoisha tarehe 20. Tochi. Tochi niliyonayo nimenunua mwenyewe, na kabla yake nilitumia simu, ambayo mwanga wake ni wa kumulikia mlango, humuumiza mgonjwa macho na haukuambii kitu kuhusu mboni ndogo.

Kuhusu idadi yetu sitaki kuwachosha, mmeshaambiwa. Nasema hili moja: mgonjwa wa kila saa hawezi kuwa mmoja kati ya kumi na saba wa muuguzi mmoja. Kama hamwezi kutuongeza kesho, basi leo sogezeni vitanda. Kitanda cha mgonjwa wa ubongo kiwe mkabala na meza ya wauguzi. Wodi nyingi hapo ndipo tunaweka kabati la mashuka.

Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Mgonjwa wa ubongo wakati mwingine huwa ndiye. Anafika asubuhi, jioni yuko ndani ya gari la wagonjwa kwenda Dar es Salaam, kilomita 350 hivi kupitia Segera na Chalinze. Wenye donge la kupasuliwa ni haki yao kwenda. Mpango wa uuguzi wa njiani, lakini, sijawahi kuuona umeandikwa popote. Nimesindikiza wagonjwa hao. Mmoja alikuwa 9 tunatoka, nikamwambia daktari njia yake ya hewa haitafika Chalinze, tukaiweka salama kabla ya kuwasha gari. Amerudi mjini anatembea na mkongojo. Mwingine nilipewa barua ya rufaa, dripu na "Mungu awasaidie". Kichwa kiinuliwe vipi kwenye kitanda cha gari kisichoinuka? Nilitumia begi la nguo za mkewe. Presha nilipima kila tulipokutana na tuta, kwa kuwa ndipo gari lilipopunguza mwendo.

Jamaa nao wawemo kwenye mpango, kwa jina na kwa kazi. Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja. Mtaa unakuja, na Yasini inasomwa, na shangazi wa Pangani analia kwa sauti kwa sababu asipolia kwa sauti atasemwa. Sipendi kuona walinzi wanawafukuza kama kuku. Nimejifunza kuwaweka kitako nje ya wodi dakika tano nikawaambia: kisomo kisomwe kwa sauti ya chini, aingie mmoja mmoja, upande ambao hajapooza, na chupa ya uji ibaki kwangu. Wanaelewa. Mkazamjomba angeelewa. Yule mama amelea watoto sita, angeshindwa kuelewa kijiko cha maji? Na siku ya kuruhusiwa, yuleyule atakayekuwa anamgeuza mkekani ndiye afundishwe kumgeuza, pale wodini, kwa mikono yake, mara tatu nne tukimtazama. Na aambiwe kuwa dawa za presha hazina siku ya kupumzika.

Wakaguzi wakija, waache kuhesabu. Wachague kitanda kimoja, wasome mpango, kisha wamtazame mgonjwa. Kichwa kimeinuka au hakijainuka? Muuguzi aulizwe, "Saa tatu alikuwa ngapi, na sasa ni ngapi?" Maswali hayo mawili yatawaambia zaidi ya mafaili arobaini.

Chati ninayoisema nimeshaichora, kwa rula na kalamu ya risasi, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nimeitoa kopi ishirini kwa hela yangu, na kumi na moja zimeshatumika. Binti wa kitanda cha sita, ambaye si binti tena, ndiye aliyeniambia niongeze mstari wa mapigo kwa wino mwekundu. Naiambatanisha na barua hii. Irekebisheni mnavyoona, itieni nembo, ila msiirefushe ikazidi ukurasa mmoja.

Mwezi huu nina zamu ya usiku. Geti la hospitali halifungwi, na saa nane usiku hakuna foleni.

Muuguzi wenu,
Tanga